Sahani ya Honora

Mpendwa Bi Averil, naomba msaada wako na naomba usinicheke, au cheka kwanza halafu unisaidie, maana hata mume wangu Brodie kacheka mpaka kakaa chini sakafuni jikoni.

Mimi ni mama wa mtoto mmoja, wa miezi mitano, shule niliiacha mapema nikaenda kupanga tufaha kwenye makasha hapa Cygnet, na nilipojifungua, kwa kuwa mtoto halali na mimi silali, nikaanza kumtafuta kwenye simu bibi wa mababu zetu, aliyeletwa huku Tasmania, kisiwa cha Australia, na meli ya wafungwa kutoka Ireland. Huku kila mtu ana mfungwa wake, nikasema na mimi nimpate wangu. Mama mkwe wangu, Glenys, akaniambia, "Sisi tulikuwa tunawaficha kama upele, nyie watoto mnawagombania kama viti vya mbele."

Basi nikampata. Honora Crimmins wa Clare, huko Ireland, mjane, aliiba kondoo wakati wa ile njaa kuu viazi vilipooza mashambani, akahukumiwa kuletwa huku. Karani wa wafungwa alimwandika mpaka pua, "kubwa, imepinda kidogo," nikaenda kujitazama kwenye kioo nikalia kwa furaha, mtu mzima nalilia pua. Mtoto wangu nikamwita Honora.

Habari zake nyingine sikuzipenda sana, nakuambia wewe tu: alipewa kazi ya kufua kwenye nyumba ya tajiri mmoja mjini Hobart, akatoroka mara tatu, na mara zote polisi walimkamatia bandarini, mara moja akiwa amelewa hajiwezi, wakamrudisha gereza la wanawake, na miaka ya kifungo ilipokwisha akaolewa na mkata magogo wa huku ndiyo tukapatikana sisi. Hayo nikaona ni aibu, nikanyamaza.

Sasa sikia nilichofanya. Nilipeleka mate yangu yakapimwe vinasaba, nikaletewa jina la ndugu aliyeko Ireland, bibi wa karibu miaka themanini anaitwa Bríd, wa ukoo wa Micheál, mtoto wa kiume ambaye Honora alimwacha kule kwa shangazi yake akiwa na miaka minne. Tukapigiana simu ya kuonana. Nikamwonyesha mtoto, nikamtajia jina lake, bibi wa watu akashtuka.

"Umempa jina hilo kwa hiari yako?"

"Ndiyo, bibi. Kwani vipi?"

"Mwanangu, kwetu hilo ni tusi. Mtoto akienda London asipige simu nyumbani tunamwambia, acha u-Honora wako. Micheál alikufa mzee, akisema mama yake alipata watoto wengine akamsahau. Hebu niambie wewe uliyeko huko. Aliwahi kumtaja?"

Bi Averil, nilikuwa nanyonyesha, nimemwinamia mtoto, ananitazama na hayo macho yake, na mdomo wangu ukatangulia kabla yangu. Nikasema, "Kumtaja tu? Kila siku ya kuzaliwa kwa Micheál alikuwa anamwekea sahani mezani, na hapo hakai mtu." Sijui hiyo sahani niliitoa wapi. Bríd akalia, mimi nikalia, mtoto naye akaona asibaki nyuma.

Ningeishia hapo. Lakini wiki iliyofuata akaniuliza, "Sahani yenyewe bado mnayo?" nikasema ipo. Sasa parokia yao nzima wanaijua hiyo sahani, yeye mwenyewe ameanza kumwekea Micheál yake, na amekata tiketi, anakuja baada ya Pasaka, anasema anataka aishike kwa mikono yake kabla hajafa.

Nikaenda duka la mitumba la kanisa nikanunua sahani ya maua ya buluu. Nikaisugua na mchanga, nikailoweka kwenye chai ya rangi ili izeeke. Nikaona kweli imezeeka, nikajiona fundi. Brodie akaigeuza. "Kirralee," akasema, "hao wafungwa walikuwa na maikrowevu?" Kumbe chini pameandikwa kwamba unaweza kuiweka humo.

Niyaparure hayo maandishi? Niseme imevunjika? Au niseme ukweli nimvunje bibi wa watu moyo, na binti yangu abaki na jina la tusi? Mimi nilitaka tu asife na lile swali.

Mama Sahani, Cygnet


Mama Sahani,

Nimecheka kama ulivyoniruhusu. Sasa mlaze mtoto, nikuseme.

Una moyo mzuri na mdomo usio na breki. Umemfanya mama mtu mzima amwekee chakula marehemu kwa ajili ya kitu ulichokitunga na titi nje. Ukiparura hayo maandishi utakuwa umehama kutoka kuropoka hadi kughushi, na kwenu tayari mnaye mmoja aliyesafirishwa kwa wizi, anatosha.

Lakini kinachoniudhi zaidi si hicho. Rudi kwenye barua yako, pale ulipoandika haraka haraka kwa aibu. Mwanamke anatoroka mara tatu. Hakimbilii msituni walikojificha wenzake, wala hakutwi kwa mwanamume. Mara zote anakutwa pale meli zinapoondokea. Wewe ukaona pombe tu! Umempa Honora sahani ambayo hakuwa nayo, ukamfichia kile alichokuwa nacho.

Sikuapii kwamba alikuwa anamrudia Micheál. Sijui, na wewe hujui, na usiape tena, umeshaapa vya kutosha. Mweleze Bríd habari yenyewe ilivyo, pamoja na ulevi wake wote, umwachie mwenyewe aipime.

Mpigie leo jioni, kwao itakuwa asubuhi. Usianze na kilio, maana ukilia atakubembeleza wewe na ukweli hautatoka. Sema, "Bibi, ile sahani niliitunga." Akikasirika, kasirikiwa. Akikata simu, piga kesho. Ukimaliza, mtumie ule ukurasa wa kumbukumbu wenye kukamatwa kwake na pua yake.

Akija, mpikie, na kabla hujampakulia kwenye sahani hiyohiyo, igeuze asome chini. Ninavyowajua watu wa Clare, atacheka kuliko Brodie. Kesho yake mpeleke Hobart, bandarini. Mchukulie koti, upepo wa pale hauna adabu. Msimame pale Honora alipokamatwa, umkabidhi mtoto ambebe, na usiseme neno, hata kama mdomo unawasha. Mwache Bríd amwite mwenyewe kwa jina lake.