Ndoo ya Mama

Jumatatu, 3 Machi
Leo nimepika udongo. Kweli – kwenye oveni ya maabara, saa tatu nzima, hadi kila kilichokuwa hai humo kikafa. Vyungu ishirini. Kila kimoja kina mche wa ule mgunga mgeni uliotunyang'anya shamba la zamani. Kumi nimeviongezea udongo mbichi kutoka kwenye maharage ya Mama yaliyosalia kule, kijiko kimoja kimoja. Daktari, mkuu wangu, anataka kujua kama mgunga utapata wa kuusaidia humo. Nilicheka kimoyomoyo. Kijiko!

Ijumaa, 28 Machi
Bila kijiko: manjano, kimo cha kidole. Yenye kijiko: kijani kibichi, shibiri nzima. Nilisimama pale hadi chai ikapoa. Daktari anasema tungoje mizizi, majani yana maneno mengi.

Jumapili, 6 Aprili
Kwa Mama. Kaka kapata shamba jipya kule mlimani. Mbegu za mgunga zimeshatangulia, zimeota, ila zimedumaa tu. Mama anacheka. Tarehe kumi na tisa anapeleka ndoo yake. Kila akihama shamba huchota udongo chini ya maharage ya zamani, akaumwage kwenye jipya. Eti shamba jipya lina upweke, lipelekewe majirani. Nimemtania miaka yote kwa hilo. Leo sikumtania.

Alhamisi, 17 Aprili
Tumeosha mizizi. Mungu wangu! Vinundu – vimejipanga kama shanga. Nikapasua kimoja kwa ukucha: ndani chekundu, rangi ya fizi. Daktari akanieleza taratibu. Humo wamo bakteria, wanakamata chakula hewani na kuulisha mti. Mti nao unawapa sukari. Ni wale wale wa maharage ya Mama. Hawakuuliza mgeni katoka wapi. Mzizi ulibisha hodi, wakafungua.

Vitu visivyoonekana kwa macho vinapika hewa! Na Mama, ambaye hajawahi kuingia maabara, amekuwa akiwabeba kwa ndoo.

Mgeni njoo, mwenyeji apone – hapa aliyepona ni mgeni, wenyeji tumebaki bila shamba. Naogopa. Ndoo ile itayainua maharage, na mgunga uliodumaa utainuka nayo.

Jumamosi, 19 Aprili
Naandika juu ya jiwe, pembeni mwa shamba jipya. Nimemkuta Mama kashafika, ndoo mkononi. Nikamwonyesha kinundu nilichokifunga kwenye karatasi, nikamweleza yote. Kaka akasema basi tung'oe migunga kwanza. Tukainama tukatazama: mbegu zake zimejaa ardhini kama changarawe. Na bila ndoo, maharage yatakuwa manjano kama ile miche yangu isiyo na kijiko.

Mama hakubisha. Alikigeuza kinundu kiganjani, akakisogeza karibu na jicho. Kumbe ndio hawa, akasema, nawabeba tangu niolewe hata salamu sijawapa. Akawasalimu. Nililia kidogo, nikasingizia vumbi.

Sasa ameketi, ndoo katikati ya miguu, ameifunika kwa kitambaa chake cha kichwa wasipigwe jua. Ananiuliza, wewe ndiye msomi, nimwage au nisimwage?

Nimemwambia ngoja, Mama, naandika.

Bado anangoja.