Maikrofoni kwenye kola ya mama mkwe

Shoga, leo nimeumbuka!

Unakumbuka ile maikrofoni ya mezani ilivyonasa sauti za vijiko na feni tu? Nikanunua ya kubana kwenye nguo, nikambania mama mkwe kwenye kola atusimulie ujana wake.

Katikati ya hadithi akaenda jikoni nayo. Sebuleni mawifi wote wamekaa, spika ya hiyo maikrofoni imewashwa.

Tukamsikia akimwambia dada yake aliyekuwa huko jikoni: "Mke wa mwanangu anaamrisha kama mkuu wa gereza. Na chai yake, maji ya kusuuzia vikombe!"

Maji ya kusuuzia vikombe, shoga! Mume wangu akakodolea macho dari.

Aliporudi nikamwambia tumesikia yote. Hata hakushtuka.

"Imesikika vizuri?"

"Neno kwa neno, mama."

"Basi sina haja ya kurudia. Kaa, leo chai napika mimi."