Baba Yenu Hahamishwi

Nyumbani,
Nyuma ya kiwanda cha matofali,
Tarehe 28 Desemba.

Mpendwa mwanangu, kifungua mimba wangu,

Hujambo, baba? Mkeo hajambo? Na wajukuu zangu wote wawili ni wazima? Nimesikia kwa dada yako kwamba huko baridi imeanza na kile kikohozi chako kimerudi. Vaa kitu kizito kifuani, na asubuhi usinywe vya baridi. Najua hunisikii lakini nasema. Mgongo wa mkeo umepoa? Asiinue ndoo peke yake na wewe upo hapo una mikono miwili.

Sisi hapa tunamshukuru Mungu. Magoti yananisumbua nikipanda ngazi za nyumba ya wageni na mashuka, ila napanda. Baba yako amekula, amelala kidogo mchana, sasa yuko dukani kwake kwa kunyolea anafuta kioo.

Haya, salamu zimetosha. Mwanangu, nina hasira na wewe, na nisipoitoa itanipasua. Ningeweza kumpa mjukuu mmoja wa huku aniandikie kwenye simu, lakini namjua, mimi nikisema neno kali yeye anaweka la upole. Kwa hiyo naandika kwa mkono wangu. Mwandiko uuvumilie.

Nimeambiwa mwaka ukishaanza mnakuja tena kumchukua baba yenu mkamweke kwa dada yako, na safari hii asirudi. Nimeambiwa pia kwamba wenzako wanangoja neno lako, maana wewe ndiye mkubwa, ukisema wanafuata. Basi kabla hujasema, soma hapa mpaka mwisho. Mwaka huu umepita juu ya mgongo wangu mimi. Nyinyi umewapitia kwenye simu.

Kiharusi kilimkuta kazini, hilo unalijua. Alikuwa amemaliza upande mmoja wa kichwa cha dereva wa lori. Ni dereva huyo huyo aliyembeba mpaka hospitali, nusu ya kichwa imenyolewa, nusu ina nywele, kitambaa bado kiko shingoni. Wauguzi walipowaona wakamshika dereva, wakadhani mgonjwa ni yeye. Leo nacheka. Siku ile nilikaa kwenye benchi nikiwa nimevaa viatu vya watu wawili tofauti na sikujua.

Baba yako akarudi nyumbani mkono wa kulia umelala, mguu unaburuta, maneno yamepungua. Yamepungua, sikusema yameisha. Kichwani mwake yupo vile vile. Nikitia chumvi nyingi bado ananitazama lile jicho lake.

Yule binti wa mazoezi wa hospitali akampa kampira, aminye kwa mkono wa kushoto upate nguvu. Akaminya mara chache, akakatazama, akakatupa dirishani. Kaliangukia kwenye beseni la Mama Pacha, jirani yetu, akiwa anafua. Mama Pacha akaniita, jirani, mgonjwa wako amepona, ananirushia mipira. Mimi nikawaza, huyu mtu maisha yake yote mkono wake umeshika vitu vyenye maana, leo anapewa mpira kama mtoto. Nikampa chanuo. Chanuo hakulitupa.

Akaanza kwa kunichana mimi. Halafu mashine ya kunyolea, kwanza bila umeme, halafu na umeme. Wewe umekulia kwenye lile duka, unajua kinyozi anavyofanya kazi: mkono mmoja unanyoa, mwingine umeshika kichwa cha mteja kisitikisike. Sasa ule uliokuwa unashika ndio unaotakiwa kunyoa, na wa kushika hakuna. Nikawa nageuka kwenye kiti, naegemeza paji la uso kwenye mgongo wa kiti, natulia kama gunia. Anapita polepole. Akikosea anapuliza pumzi puani, anarudia.

Mwanangu, kichwa hiki kimepita mitindo ambayo vijana hawajaiota. Huku kipo, huku hakipo, katikati kama panya wamekula mkeka. Nilikuwa nafunga kitambaa naenda kazini. Siku moja kitambaa kikaanguka tukiwa tunakunja mashuka, msimamizi akaniuliza kwa adabu kama nimeshikwa na upele. Nikamwambia hapana, nina mume mwanafunzi.

Mimi nilipozoeleka akaja yule rafiki yake tunayemwita Kipara. Unamkumbuka, hana unywele juu, ana ndevu tu, na bado kila wiki alikuwa anakuja kukaa kwenye kiti ili apate maneno ya mjini. Akakaa, akajifunga kitambaa mwenyewe, akasema, "Pitisha, ndugu yangu. Ukiharibu, nani atajua?" Baba yako akacheka. Mara ya kwanza tangu augue. Mdomo ulicheka upande mmoja, lakini ulicheka, na mimi nilikuwa nimemshika Kipara kichwa kwa mikono yote miwili, maana hapo ndipo tulipogundua kwamba mkono wa kushika unaweza kuwa wangu. Mbona hilo sikulisikia likisimuliwa kwenye simu zenu?

Sasa nakuja kwenye kidonda. Kidonda hicho ndicho kilichowatia wazimu.

Nilikuwa kwenye kiti, yeye ananitengeneza ukingo nyuma ya sikio kwa wembe. Maziwa yalikuwa jikoni. Nikayasikia yanafurika, nikageuka ghafla bila kusema neno. Mtu gani anageuka wembe ukiwa sikioni? Mimi. Ikatoka damu nyingi kuliko kidonda chenyewe, sikio lina damu za kutisha watu. Akanibana kwa taulo, akaniwekea plasta mwenyewe kwa mkono ule ule.

Kesho yake dada yako akaja. Akanikuta nafagia, kitambaa sijafunga, nywele nusu, plasta imelowa. Hakuniuliza mimi. Alimgeukia baba yake akamuuliza, "Baba, umemkata mama?" Baba yako ni mkweli, akasema, "Ndiyo." Alikuwa na maneno mengine yanakuja nyuma ya hilo, nilimwona mdomo unayatafuta, lakini binti yetu alishatoka nje na simu sikioni. Mwalimu huyo. Shuleni anawafundisha watoto wa watu kusikiliza mpaka mwisho wa sentensi.

Nilimweleza yote, maziwa, wembe, kugeuka kwangu. Akanishika bega kama anavyoshikwa mgonjwa, akasema sawa mama, sawa mama. Nikadhani yameisha. Kumbe ndiyo yanaanza, mmekwisha kufanya kikao hewani, kwamba akili ya baba imeharibika, atanimaliza, na mimi namficha kwa huruma. Mke wa mdogo wako ndiye aliyeniambia baadaye ulivyosema wewe: mama asiambiwe kwanza, atalia.

Ni kweli nalia. Nililia nilipokuzaa, nililia ulipopanda gari kwenda huko, na hata vitunguu vinaniliza. Lakini nyumba hii nimeiendesha huku nalia, na nyote mmekua. Nani alikwambia mtu akilia hawezi kuamua?

Wakaja dada yako na mdogo wako Jumamosi, nikiwa kazini. Nimerudi na magoti yangu, nakuta mlango wa duka una kufuli jipya. Naingia ndani, kitanda kimetandikwa, viatu vyake havipo, fimbo yake haipo. Kitanda kimetandikwa vizuri, mwanangu, kona zimekunjwa. Hivyo ndivyo tunavyokunja kwa wageni waliokwisha kuondoka. Unajua niliwaza nini? Niliwaza amekufa na wameshamtoa. Nilitoka nje nikapiga kelele ambayo sijawahi kuipiga, mpaka wapagazi wa kiwandani wakaacha matofali. Mama Pacha akaja mbio, akanishika mashavu, akasema, hajafa, jirani, hajafa, amechukuliwa na wanao. Nikakaa chini pale pale kwenye vumbi. Ile dakika kabla hajanishika mashavu, hiyo ndiyo sijawasamehe. Nitawasamehe, mimi ni mama yenu, lakini sijafika.

Nikapanda basi kwenda kwa dada yako. Baba yenu nikamkuta sebuleni, amekalishwa mbele ya televisheni ya katuni, amevaa shati la mkwe wake linalombana tumbo, ndevu zimemjaa. Yeye, kinyozi, ndevu mpaka shingoni. Msichana wa kazi anamlisha kwa kijiko. Nyumbani kwangu anakula mwenyewe, anamwaga, anaokota, anaendelea. Aliponiona alifunga mdomo kijiko kisiingie tena.

Nikamwambia avae viatu twende. Dada yako akasimama mlangoni, akasema, "Mama, kaka ameshaamua. Utakaa na mtu mwenye wembe mpaka akukate koo?"

Nikamwambia, "Mwanangu, baba yako ameshika makoo ya mji huu wote tangu hujazaliwa. Ulishasikia nani amezikwa?"

Akaanza kulia, na yeye analia kama mimi, huyo ni wangu kabisa. Nikamwona amekonda. Kumbe halali, anaogopa simu ikiita ataambiwa mama kafa. Ningemkumbatia, lakini nilikuwa bado na hasira, nikamkumbatia kwa mkono mmoja. Baba yenu alikuwa chini anapambana na kiatu. Dada yako akainama kumsaidia, baba yenu akaondoa mguu. Tukasimama wote, na mkwe, na msichana wa kazi, tukamtazama mpaka akakivaa. Hakuna aliyetuzuia tena.

Kufuli la dukani nililivunja kwa nyundo. Mwambie mdogo wako fundi bomba vipande vipo, akivihitaji aje.

Sasa sikia, mimi si mjinga, na mimi pia naogopa. Akienda chooni nasikiliza nyayo. Akikawia naita. Wembe nimeuweka juu ya kabati, na binti wa mazoezi nimemwambia ukweli wote, akasema mashine aendelee nayo, wembe usubiri. Baba yenu alinuna siku mbili tatu, akakubali. Umeona? Alielezwa, akanuna, akakubali. Hivyo ndivyo mambo yanavyofanywa na mtu mzima, anaelezwa.

Na wateja wanakuja. Wengine wanakuja kwa kumwonea huruma, hao nawajua kwa macho, nawakazia kichwa kidogo. Wiki iliyopita kijana mmoja alitaka mistari pembeni. Mstari wa kwanza ukapinda, baba yenu akaunyoosha, ukapinda kwingine, mwisho kijana aliingia akitaka mtindo akatoka na upara. Akajitazama kwenye kioo, akajipapasa, akasema aa, kumbe nina kichwa kizuri. Yule dereva wa lori naye alirudi, eti anadai upande wake wa pili. Baba yenu alimnyoa kichwa kizima, mimi nimeshika, na ukingo ukatoka sawa. Jioni ile alikunywa chai anapiga mluzi. Mwaka huu sikupata siku nyingine kama hiyo, na nyinyi mnataka kuifungia.

Kwa hiyo baba yenu hahamishwi. Waambie wenzako wasije na gari. Waje na vichwa vyao, wakae kwenye foleni kama watu wengine, wamtazame anavyofanya kazi. Wakishanyolewa, kama bado wana neno, waliseme mbele yake na mbele yangu.

Na wewe sikuombi uje, najua ni mbali. Nakuomba kitu kimoja. Mwaka mzima umepiga simu kwangu kuniuliza baba anaendeleaje, na yeye amekaa pembeni yangu anasikia. Ukipata barua hii piga, nitampa simu, nami nitatoka nje. Muulize wewe mwenyewe kama anataka kuhama. Atakawia. Utadhani laini imekatika. Usiseme halo, halo, usimtafutie neno, usikate. Kaa hapo na baridi yako usubiri, hata mkeo akikuita chakula kinapoa. Atakujibu. Akisema anataka kwenda kwa dada yako, nitamfungia mizigo mimi mwenyewe na sitalia mbele yenu.

Msalimie mkeo, mwambie nampenda na mgongo wake naukumbuka. Wabusu wajukuu, yule mdogo umwambie bibi anataka kujua kama jino limeota. Dada yako na mdogo wako ukiongea nao, wasalimie pia, hasira yangu haijawafukuza. Mama Pacha na Kipara wanakusalimu.

Mungu akulinde huko uliko, akushushie kikohozi, na akupe masikio.

Mimi mama yako, niliyekukasirikia na ninayekupenda kwa pamoja,

Mama.