Mkia wa R ya Rebeka

Baba Nekesa, mwalimu wangu,

Kompyuta yako bado iko pale pale, imewapa wateja mgongo. Nilijaribu kuigeuza ielekee mlangoni, mkono ukakataa.

Tangu tukuzike kule Busia, mtaa mzima wa wachapaji unasema ulikwenda na mkono wako. Siku ya mazishi mzee mmoja alisimama akasema Kampala haitapata tena mtu wa kuchora herufi zenye mikia kama zako. Nilikuwa nalia, nikajikuta nacheka ndani ya leso. Mimi najua hukuchora hata moja! Zilikuwemo ndani ya fonti, ile seti ya herufi iliyomo kwenye kompyuta, siku zote, nawe ukawaacha waamini wanachotaka. Jirani akichungulia tu, unashika penseli. Mjanja wewe.

Mimi ulinionyesha. Uliniambia niweke alama kwenye herufi moja, nifungue dirisha la maumbo, na hapo R zikajipanga mbele yangu: moja imenyooka, moja imejikunja, moja ina mguu mrefu unaofagia chini. Ukasema, "Zaina, hizi za kwenye kibodi zimetumwa mlangoni kupokea wageni. Wenye nyumba wako ndani." Nami kwa pupa nikaipa kila herufi mkia, kadi ikawa kama zizi la mbuzi. Ulicheka mpaka ukakohoa. Nina hamu nawe sana, Baba Nekesa. Kuna siku nageuka kukuuliza kitu, na neno limeshanitoka mdomoni.

Sasa habari. Mama Nekesa alitaka kuuza kompyuta, afunge chumba, arudi kwao. Simlaumu. Wateja walikuwa wakifika, wakisikia hupo wanavuka barabara kwenda kwa wengine. Nikamwomba aniachie kazi moja tu. Ikinishinda, mimi mwenyewe nitamtafutia mnunuzi. Alikubali kwa kichwa, hakunitazama.

Kazi yenyewe ikawa kadi ya kwanjula. Rebeka, binti wa kule mtaa wa Mbuya, alikuja na kadi uliyomtengenezea dada yake, na nyuma yake akaja ssenga, shangazi yake. Unawajua akina ssenga. Siku hiyo ya binti kumtambulisha mchumba kwa wazazi, wao ndio wenye shughuli, hata baba mtu anasubiri ruhusa yao. Rebeka alitaka R yenye mguu mrefu kabisa, ile uliyokuwa ukiipenda. Nikampa. Ilipendeza kwenye skrini nikajiona nimemaliza.

Ssenga akavaa miwani. Chini ya jina la Rebeka lilikuwepo jina la baba yake, na ule mguu ulipita juu yake katikati.

"Nyabo, bibie, hii hapana," akasema. "Mutoto anakanyaga baba yake mbele ya wageni! Hii siwezi peleka kwa kaka yangu."

Akachukua mkoba wake. Rebeka machozi yalimlengalenga. R ya kawaida hakuitaka, alisema ni ya barua za ofisini. Na Mama Nekesa alikuwa ameketi kwenye benchi, anasikia yote.

Niliogopa, sikufichi. Nikajiuliza wewe ungefanyaje, na jibu nilikuwa nalo: mkia ungeuacha, ungemsogeza baba pembeni. Lakini kwenye kadi ya kwanjula baba hasogezwi. Nikawaambia wakae. Nikaipa R mguu mfupi, kisha nikaweka alama kwenye ile a ya mwisho na kufungua dirisha. Nikashuka, nikashuka, mpaka nikaiona a moja ambayo sikuwahi kukuona ukiitumia. Mkia wake unapanda juu, halafu unarudi nyuma juu ya jina zima la Rebeka kama paa. Nikaibonyeza. Jina la baba likabaki peke yake chini, halijaguswa.

Ssenga alitazama, akavua miwani, akaifuta, akatazama tena. "Kale, sawa," akasema. "Sasa ako na adabu." Rebeka akapiga vigelegele humo humo chumbani.

Kabla ya kuipeleka flashi kwa fundi wa pleti za kuchapia nilizigeuza herufi zote kuwa michoro, maana kompyuta yake haina fonti ile. Unakumbuka ile harusi ya kule Luzira, vijisanduku vitupu mahali pa jina la bwana harusi? Sirudii tena.

Kadi ilipotoka, Mama Nekesa aliichukua akaenda nayo kwenye mwanga wa mlango. Alikaa nayo. Nilikuwa nangoja aniambie imefanana na zako.

"Hii si ya Baba Nekesa," akasema. "Hii ni yako. Kaa na hiyo mashine."

Tukalia wote wawili, na mteja aliyekuwa anaingia akadhani amefika kwenye matanga.

Basi pumzika, mwalimu wangu. Ulisali Jumapili, mimi nasali Ijumaa, lakini aliyekuchukua ni mmoja; akulaze pema. Na nakuahidi hivi: sitaiga mkono wako. Humo ndani kuna maumbo ambayo wewe hukuyafikia. Mimi nitayafikia.

Aliyekuwa mwanafunzi wako,
Fundi Zaina