Tumbo Langu Halina Msemaji

Jumapili asubuhi, Masaki, Kisarawe. Manyunyu yamekatika sasa hivi, udongo unanukia, na mimi nimeamka na sauti iliyokauka na moyo unaorukaruka kama wa mtoto siku ya Idi.

Jana nimeimba Kisarawe! Nimeimba!

Kwa anayepita hapa mara ya kwanza: mimi ndiye Tatu wa Tangini, mwimbaji. Tangini ni kwetu, Kibaha. Huenda huujui hata wimbo wangu mmoja, ila tumbo langu unalijua. Ni lile la kwenye picha ya gauni la njano, iliyosambaa mpaka nikaikuta kwenye simu ya muuza chipsi wa mtaani kwetu. Kila aliyeiona aligeuka daktari. Ana mimba. Ya nani? Hana lolote, anatafuta kiki. Mmoja alinichorea duara jekundu tumboni, kama fundi anayeonyesha ukuta ulipopasuka.

Nilikuwa nawaambia watu sisomi. Nilikuwa nasoma. Nilisomea bafuni, maji nimeyafungulia, ili Mama asijue.

Kumbe Mama naye anasoma sebuleni.

Na si kusoma tu. Mama yangu, muuguzi mstaafu, mtu mpole kabisa, alikuwa amefungua akaunti yenye picha ya ua na anajibizana na watu wa kila mkoa. Wiki iliyopita nilishika simu yake, nikakuta ameandika: "Mwacheni binti wa watu. Hamjui anachopitia. Subirini niwaambie ukweli." Chini yake watu walikuwa wamejipanga kuusubiri huo ukweli kama wanasubiri maji ya bomba.

Nilimfuata sebuleni.

"Mama, usiwaambie."

"Wanakutukana, mwanangu. Ninyamaze tu?"

"Siri za wagonjwa umezitunza miaka yote. Na yangu nitunzie."

"Wale hawakuwa wanangu," akasema, akaingia chumbani kwake.

Hakuniahidi kitu. Ndiyo maana jana mchana, nilipopanda jukwaani na kumwona mbele kabisa, kavaa kitenge kipya, pembeni yake Mama Mkubwa, dada yake anayeishi huku Masaki, sikuogopa umati. Nilimwogopa Mama.

Nikaimba. Sikuwa nimesimama jukwaani tangu ile picha, na nilidhani miguu imesahau. Haikusahau! Watu walicheza, vumbi likapanda, watoto wamekaa juu ya ukuta wanaitikia. Nikasahau kwamba nina tumbo.

Halafu mshereheshaji akanisogelea na kipaza sauti chake.

"Dada Tatu, kabla hujaendelea. Huko mitandaoni watu wanauliza, na sisi leo tunaye mwenyewe hapa. Ni kweli au si kweli?"

Simu zote zikainuka.

Hapo ndipo nikamwona Mama anasimama, mkono juu, anaomba kipaza sauti. Nilimwelewa. Amechoka. Alitaka awape wote ukweli mara moja, hadharani, wanyamaze.

Nikamtazama. Nikatikisa kichwa, kidogo tu.

Mama akabaki amesimama, mkono hewani. Kisha akaushusha. Akakaa.

Sijui kama kuna mwingine aliyeona. Mimi niliona.

"Hilo ni langu," nikasema. "Sisemi ndiyo, sisemi hapana. Nyimbo ndizo zenu, na nimewaletea."

Mshereheshaji akanisogezea tena kipaza sauti.

"Kidogo tu, dada. Mashabiki wako wanakupenda..."

"Na mimi nawapenda. Lakini wewe kaka, mbona sisi hatujakuuliza ya chumbani kwako?"

Kwanza kikatoka kicheko kimoja, halafu Mama Mkubwa akapiga kigelegele, kirefu, nadhani hata kule mbali Maneromango walikisikia. Wanawake wakakidaka. Uwanja mzima ukalipuka, na DJ akaachia wimbo hata sijamwambia. Weee! Kufika kiitikio nilinyamaza, nikawaachia wenyewe, wakakiimba mpaka mwisho. Nililia na kucheka kwa pamoja, wanja wote umeniteremkia.

Sijidanganyi. Leo video iko kila mahali, na chini yake wapo wanaosema naringa, wapo wanaosema ukimya wangu ni jibu tosha. Nimesoma maoni machache, nikaizima simu. Safari hii sikujificha popote.

Tukiwa njiani kuja huku Mama aliniambia, "Mdomo nilikuwa nimeshaufungua. Nikakuona uso, nikasema, huyu si mtoto tena." Kisha akatoa simu yake na kuanza kufuta aliyoyaandika, moja baada ya jingine. Sikumwomba.

Asubuhi hii nimemkuta Mama Mkubwa uani anamenya mihogo. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akanisogezea kigoda na kisu. Yeye naye alikuwa hajui chochote. Mama hajamwambia hata dada yake. Tukamenya. Akaniuliza kama Kibaha tunapata mihogo mizuri. Akaniuliza kama vile viatu vya jana haviumizi. Nikawa nangoja aniulize lile jingine.

Hakuniuliza.

Basi nikamwambia mwenyewe. Yote, tangu mwanzo. Alinisikiliza hadi nikamaliza, akafuta mikono kwenye khanga, akanishika shavu. Aliyoniambia baada ya hapo siyaandiki.

Kesho nashuka mjini kuingia studio. Kiitikio kipya tayari ninacho, tunakiimba hapa uani watatu sisi, Mama akipotea kila mstari wa pili na kugoma kusahihishwa. Hicho mtakisikia chote.