Maji ya Mvua ya Lori Lako

Baba Rukia, mume wangu,

Uliniacha nikitia dole gumba. Sasa naandika mwenyewe. Kisomo cha watu wazima kimenikuta hapa Mbagala, uzeeni. Usicheke.

Nina kosa la kukuambia. Lile pipa lako la maji ya mvua ya lori, arobaini yako ilipopita tu, nililichukua. Nikafulia. Mkwe wetu Saidi, anayeliendesha sasa, alipotaka maji ya rejeta, ya kupozea injini, nikamwonyesha kisima. "Maji ni maji," nilimwambia. Unakumbuka nilivyokuwa nakupigia kelele: "Gari linywe ya mvua, mke anywe ya chumvi?" Nawe ukinijibu, "Wewe una ulimi wa kulalamika, Mama Rukia. Lenyewe halina."

Basi likalalamika kwa mvuke. Kila likifika kilima cha Mtongani linachemka, mihogo ya watu inakaa juani. Saidi akabadili mpira wa maji, akabadili mkanda wa feni, wapi! Juzi akasema tuliuze kama chuma chakavu. Nikamwambia, niuze mie kwanza.

Fundi wa Temeke akaishusha rejeta, akaifumua juu kwa moto, akaniita: "Bibi, njoo uone." Ewe mume wangu! Miaka yote naiona pua ya lori lile, sikujua ndani mna vijia vyembamba namna ile, safu kwa safu, kama sega la nyuki. Na vyote vimezibwa na ukoko mweupe, ule ule wa ndani ya birika langu. Chumvi ya kisima. Mkono wangu.

Nilikaa chini mchangani. Wewe hukuwahi kuifumua, ulijuaje? Ndipo nikakukumbuka unachovya kidole pipani, unaonja, unatema, kisha unamimina. Mie nikidhani wazimu.

Fundi alichokoa kijia kimoja kimoja, kutwa nzima, akalehemu. Leo nimekaa mbele na Saidi. Tumekipanda kilima cha Mtongani na mihogo tele, mvuke hata chembe. Kule juu nikamsimamisha, nikateremka, nikaweka kiganja puani pa lori. Joto la mtu asiye na homa. Nililia barabarani bila haya.

Pumzika, mzee. Pipa nimelirudisha chini ya bati, na sitalifulia tena mpaka nije huko. Mie nitakunywa ya kisima. Ulimi wa kulalamika bado ninao. Wa kunijibu ndiye sina.

Mama Rukia wako