Kitana Chako Kwenye Usukani

Mke wangu mpenzi,

Wajukuu wameniuliza tena kwa nini usukani mweusi una kiraka cheupe. Nikawaambia wamuulize bibi yao, kisha nikakumbuka kuwa hupo. Basi nakuandikia wewe.

Unaikumbuka harusi ya mdogo wako kule Ole, mwishoni mwa miaka ya hamsini? Mimi na mdomo wangu nilikwisha kutangaza hadi bandarini Wesha kwamba bibi harusi atapelekwa kwa mumewe Chake Chake kwa gari letu. Gari lenyewe kuukuu, la kabla ya vita. Siku chache kabla ya harusi usukani ukamegeka mkononi mwangu, kipande kikaanguka kikasagwa na gurudumu. Kikabaki chuma kitupu, kinachokata kiganja.

Nikajifanya fundi. Nikauona unang'aa, nikaapa ni pembe ya nyati, na pembe hulainishwa kwa moto. Nikavuta chetezo chako, ulichokuwa ukifukizia nguo za bibi harusi, nikainama na chembe moja tu ya usukani. Pfuu! Ndevu za upande mmoja zikaenda. Ulicheka mpaka ukakaa chini. Kisha ukanusa.

"Naamba hii kafuri!" ulisema. "Pembe gani inanuka kafuri, mwanamme wee? Hii plastiki ya kizamani ya kutiwa kafuri, ukoo mmoja na kitana changu. Jino lake lilipoangukia chetezoni si lilifanya vivi hivi?"

Ukaleta kitana cheupe alichokuachia marehemu mama yako. Meno yake mawili yalikuwa yamegandana tangu ulipokimwagia dawa ya kuondolea rangi ya kucha. Nilipoelewa unachotaka, nikakataa.

"Mie n'tachana kwa cha mti," ulisema. "Mdogo wangu hendi kwa miguu."

Ukakivunja mwenyewe. Tukakilowesha katika dawa ile kikawa uji mzito, tukaziba pengo kidogo kidogo, kila tabaka likikauka kwanza. Kiraka kilipokuwa kigumu nikakipiga msasa. Siku ya siku tulimpeleka bibi harusi kwa honi na vigelegele, mimi na ndevu zangu nusu, wewe kiti cha nyuma umejishika mbavu.

Nakukumbuka sana. Walipokuwa wakikukosha kwa safari yako ya mwisho, harufu ya kafuri ilipenya pazia ikanifikia uani. Nilicheka. Wallahi nilicheka, huku machozi yananitoka, na shemeji zangu wakanishika mabega wakidhani akili imeniruka. Ningewaelezaje?

Gari limeozea shambani. Usukani niliufungua, nikautundika kwenye msumari wa kanga zako. Wajukuu wanataka kukipaka kiraka rangi nyeusi, kifanane na penginepo. Nimewakataza. Kila asubuhi kabla sijatoka huweka mkono wangu pale, na pale ndipo ninapokushika.

Nuru ikujae huko uliko.

Mumeo wa ndevu nusu